Genghis Khan tunayemsoma aliandikwa na maadui zake na makarani. Twendeni kwenye vyanzo (uzi mrefu)

#1 Kalamu Kavu (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Humu jukwaani uzi wa Genghis Khan hauishi kuibuka, na nyuzi zote zinafanana: aliua mamilioni, alizaa maelfu, kaburi lake halijulikani, waliomzika waliuawa wasije wakatoa siri. Watu wanashangaa, uzi unazama. Sijaona anayeuliza swali ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote: haya mambo tumeyajuaje? Nani aliyaandika, na karatasi zake zilipita mikononi mwa nani hadi zikatufikia?

Wamongolia wa karne ya 13 walitawala kuanzia Korea mpaka nyika za Urusi, wakaigonga Hungary na kurudi. Lakini sehemu kubwa ya habari zao imeandikwa na Waajemi, Waarabu, Wachina, Warusi, Waarmenia na watawa wa Kilatini. Kwa maneno mengine, waliochapwa, waliokuwa wakingoja zamu yao ya kuchapwa, na walioajiriwa na mchapaji. Kitabu kikubwa kilichotoka ndani ya hema la Wamongolia wenyewe ni kimoja tu, na kimetufikia kwa njia ya ajabu.

Watafiti hukiita Historia ya Siri ya Wamongolia. Kifungu cha mwisho kinasema uandishi ulimalizika mwaka wa Panya, kando ya mto Kerulen, wakati wa mkutano mkuu. Mwaka wa Panya hurudi kila baada ya miaka 12, kwa hiyo mabingwa wanavutana tangu zamani: wengine 1228, mwaka mmoja baada ya Genghis kufa, wengine 1240, wengine 1252. Wanaoshika 1228 hukubali kwamba kuna mambo yalichomekwa baadaye, maana kitabu kinaufikia utawala wa mwanawe Ögedei.

Nakala ya asili, iliyoandikwa kwa hati ambayo Wamongolia waliazima kwa Wauighuri, imepotea. Hii tuliyonayo imetoka China. Mwaka 1368 Wamongolia walifukuzwa Beijing na nasaba ya Ming ikashika nchi. Ming walikuwa bado na majirani hao mpakani, wakahitaji wakalimani. Makarani wakakichukua kitabu, wakakiandika upya sauti kwa sauti kwa herufi za Kichina. Pembeni ya kila neno la Kimongolia wakaweka maana yake, na mwisho wa kila kifungu muhtasari. Wakaongeza hata viherufi vidogo vya kumwelekeza mwanafunzi ulimi auweke wapi. Vifungu 282 kwa jumla.

Yaani siri za ukoo wa Genghis zilipona kwa sababu adui alihitaji kitabu cha kiada cha darasa la lugha.

Nitaendelea. Karibuni.

#2 Mzee wa Kijiweni

Naweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu, ila usije ukatuacha njiani kama wale wa "itaendelea" halafu mtu anaonekana baada ya uchaguzi mkuu.

#3 Ustaadh wa Ngamiani

Assalaam alaykum. Uzi mzuri, ila natoa angalizo mapema. Ukisema habari zao zimeandikwa na "waliochapwa" isije ikawa ndiyo njia ya kuwasafisha. Baghdad ilichomwa kweli mwaka 1258 na Khalifa aliuawa kweli. Sisi hatukusimuliwa na maadui zao, tulisimuliwa na waliofiwa.

#4 Kalamu Kavu

Wa alaykum salaam Ustaadh. Hasafishwi mtu hapa. Baghdad nitafika, nivumilie kidogo, kwanza nionyeshe kwa nini hicho kitabu kinawakosesha watafiti usingizi.

Ungetegemea kitabu cha ukoo wa kifalme kiwe cha sifa tupu. Hiki sivyo. Kifungu cha 66, baba mtu anamwacha Temujin, mtoto wa miaka tisa, kwa wakwe, na anapoaga anawaambia mwanangu anaogopa mbwa, msimwache atishwe na mbwa. Huyo ndiye Genghis mtarajiwa! Vifungu vichache mbele, Temujin na mdogo wake Qasar wanamuua kwa mishale ndugu yao wa baba mmoja, Bekter, ugomvi ukiwa umeanzia kwenye samaki na ndege waliyonyang'anywa. Mama yao, Hö'elün, anawaporomoshea maneno hayo ungedhani yupo hai leo.

Lakini kifungu ninachokipenda ni cha 244. Temujin sasa ni Genghis, bwana wa nyika yote. Mganga mmoja mwenye nguvu, Teb Tengri, anamtia fitina: mbingu zimesema ama utatawala wewe ama Qasar, usipomwahi, hujui yatakayotokea. Usiku uleule Genghis anakwenda kumkamata mdogo wake. Mama anapata habari. Anafunga ngamia mweupe kwenye gari lenye turubai jeusi, anasafiri usiku kucha, anafika jua linachomoza. Anamkuta Qasar amefungwa mikono ya joho, amevuliwa kofia na mkanda, anahojiwa. Genghis anamwona mama, anaingiwa na hofu.

Mama anashuka na hasira zake. Anamfungua Qasar kwa mikono yake, anamrudishia kofia na mkanda. Halafu anakaa chini, anakunja miguu, anatoa matiti yake yote mawili anayalaza juu ya magoti. Anawauliza mmeyaona? Haya ndiyo mliyonyonya. Anaanza kutaja mtoto mmoja mmoja: Temujin alikuwa akimaliza ziwa moja, wadogo zake wawili hata moja hawalimalizi, Qasar ndiye aliyekuwa akiyamaliza yote mawili mpaka kifua changu kikapata nafuu. Leo kwa kuwa maadui wamekwisha, huwezi tena kumtazama?

Genghis anakiri kwamba ameogopa na ameona haya, anaondoka. Ungedhani hadithi imeishia hapo. Kitabu kinaendelea bila kumstahi: baadaye, kwa siri mama asijue, alimnyang'anya Qasar watu wake, akamwachia 1,400 tu. Mama alipokuja kujua, moyo ulimvunjika na uzee ukamwahi.

Hayo huwezi kuyapata kwa Mwajemi wala Mchina. Ni maneno ya watu wa nyumbani.

#5 Bi Mkubwa Sana

Hapo kwenye kutoa matiti nimesimama kwanza. Hata huku kwetu bara mama akikufikisha huko ujue hakuna rufaa. Bibi yangu alikuwa akisema bora ulaaniwe na mganga.

Na bado akaenda kumpora mdogo wake kwa siri! Wanaume ninyi.

#6 Mzee wa Kijiweni

😂😂 Bi Mkubwa usitujumlishe na Genghis.

#7 Kalamu Kavu

Sasa safari ya hicho kitabu hadi kwa wasomi wa leo.

Mgeni wa kwanza kukitoa hadharani alikuwa padri wa Kiorthodoksi wa Kirusi, Palladius Kafarov, mkuu wa misheni ya Warusi mjini Beijing. Mwaka 1866 alichapisha tafsiri ya Kirusi ya ile mihutasari ya Kichina. Kimongolia chenyewe kilichojificha ndani ya herufi za Kichina kilibaki fumbo la kufumbua neno kwa neno. Naka Michiyo akatoa tafsiri ya Kijapani mwaka 1907. Mjerumani Erich Haenisch akachapisha matini mwaka 1937 na tafsiri mwaka 1941. Mfaransa Paul Pelliot, ambaye wenzake walikuwa wakimwogopa kwa ukali wa kalamu yake, alifanya kazi yake ikatoka mwaka 1949 akiwa ameshafariki. Francis Cleaves wa Harvard alitoa ya Kiingereza mwaka 1982, akaamua makusudi kutumia Kiingereza cha Biblia ya King James, na kukisoma ni mateso, nawaambia ukweli. Igor de Rachewiltz, Mtaliano aliyefanya kazi Canberra, alitoa toleo la majuzuu mawili mwaka 2004, na humo maelezo yameizidi tafsiri kwa mbali. Sentensi moja ya kitabu, kurasa za ufafanuzi.

Wamongolia wenyewe je? Tsendiin Damdinsüren aliwaandikia wananchi wake kwa Kimongolia cha leo mwaka 1947, na hicho ndicho kilichoingia majumbani.

Kabla ya hapo, mwaka 1926, palitokea jambo kubwa. Msomi aliyeitwa Jamyan, aliyekuwa akiongoza kamati ya taaluma mjini Ulaanbaatar, aliletewa mswada wa karne ya 17 ulioandikwa na mtawa wa Kibudha, Lubsandanjin. Walipousoma wakakuta ndani yake sehemu kubwa ya vifungu vya Historia ya Siri, kwa hati ya Kimongolia, havikupita kwa makarani wa Ming. Kwa hiyo kitabu kiliendelea kuishi nyikani, kikinakiliwa mkono kwa mkono. Tangu hapo watafiti wana mashahidi wawili wa kulinganisha.

#8 Ustaadh wa Ngamiani

Naam, hapo nimefaidi. Ila Baghdad bado nakudai.

#9 Kalamu Kavu

Nalipa, Ustaadh.

Upande wa Waislamu tunao waandishi wa aina mbili. Kuna Ibn al-Athir wa Mosul, aliyeandika akiwa mbali kidogo na moto, na anasema wazi kwamba alikaa miaka akisita kuugusa msiba wa uvamizi wa Wamongolia, akitamani mama yake asingemzaa. Halafu kuna waliofanya kazi ndani ya serikali ya Wamongolia wenyewe. Ata-Malik Juvayni, Mwajemi wa Khorasan, aliwatumikia na akawa gavana wa Baghdad hiyohiyo baada ya kuanguka. Ndiye anayetusimulia habari za mkimbizi wa Bukhara aliyeulizwa kilichotokea kwao, akajibu: walikuja, wakabomoa, wakachoma, wakaua, wakapora, wakaenda zao. Juvayni anasema wenye akili waliosikia walikubaliana kwamba kwa Kiajemi hakuna maelezo mafupi kuliko hayo. Aliandika hivyo akila mshahara wa walewale waliobomoa. Msomaji amkumbuke hivyo kila ukurasa.

Mkubwa wao wote ni Rashid al-Din. Tabibu, alizaliwa katika familia ya Kiyahudi akasilimu, akawa waziri wa Ghazan Khan huko Uajemi. Akaagizwa aandike historia ya Wamongolia, na mrithi wa Ghazan akampanulia kazi iwe historia ya mataifa yote: Wachina, Wahindi, Wayahudi, Wafranki. Kumbukumbu za siri za ukoo wa Genghis hazikuwa za kila mtu, lakini alikuwa na Mmongolia mwenye cheo kikubwa aliyekuja kutoka China, Bolad, aliyekaa naye na kumweleza yaliyomo. Wanahistoria wanamshukuru Bolad huyo mpaka leo. Rashid mwenyewe alizushiwa kumpa sultani sumu, akauawa mwaka 1318, na mtaa wake wa wasomi pale Tabriz ukaporwa.

Sasa 1258. Mauaji yalikuwa makubwa, hilo halina ubishi. Kisa cha mto Tigris kugeuka mweusi kwa wino wa vitabu ndicho ambacho watafiti wanakiangalia kwa jicho jingine. Nenda kwa mtu mmoja tu: Ibn al-Fuwati. Alikuwa mvulana wa miaka 14 hivi jeshi lilipoingia, akachukuliwa mateka. Akaja kuwa msimamizi wa maktaba ya Maragha, kule ambako Nasir al-Din al-Tusi alijengewa kituo cha kuangalia nyota na Hulagu yuleyule aliyeiteketeza Baghdad. Kisha akarudi Baghdad kusimamia maktaba ya Mustansiriyya. Mateka wa vita anarudi mjini kwake kutunza vitabu, na maktaba ipo! Michal Biran wa Jerusalem ameifuatilia habari hiyo, akaonyesha jinsi elimu na biashara ya vitabu vilivyoamka mapema baada ya maafa kuliko tulivyozoea kuambiwa.

Waliokufa hawarudishwi na maktaba, Ustaadh. Ila kusema elimu yote ilizama siku moja ni kuwafuta watu kama Ibn al-Fuwati.

#10 Ustaadh wa Ngamiani

Deni limelipwa. Huyo Ibn al-Fuwati nilikuwa simjui. Allah amrehemu.

#11 mwana_pwani

Na mimi nichomekee. Ibn Battuta alipita Mogadishu na Mombasa akafika Kilwa mwaka 1331, kwa Sultani al-Hasan, akamsifu kwa ukarimu. Miaka michache baadaye mtu huyohuyo yuko kwa Özbeg Khan, mtawala wa Wamongolia wa upande wa Volga, aliyekuwa ameshasilimu. Anasema aliona mji mzima unatembea: misikiti na masoko juu ya magari, moshi wa jikoni unapanda angani huku msafara unakwenda. Na alishangaa sana wake wa wakubwa walivyoheshimiwa huko.

Kwa hiyo kuna jozi moja ya macho iliyoona Kilwa na ikaona kambi ya Khan.

#12 Kalamu Kavu

mwana_pwani umenena. Na Marco Polo anadai kwamba Khan Mkuu alituma wajumbe upande wa Madagascar kupeleleza habari za ndege mkubwa anayebeba tembo. Hapo kila mtu apime mwenyewe 😄

#13 Daktari wa Mtandao

Mnaandika mengi lakini sayansi imeshamaliza kazi. DNA imethibitisha mwanamume 1 kati ya 200 duniani ni mjukuu wa Genghis. Sasa vyanzo vya makarani vya nini?

#14 Kalamu Kavu

Daktari, hiyo imetoka kwenye utafiti wa mwaka 2003. Walikuta tawi moja la kromosomu Y (ile mwana anayorithi kwa baba) kwa karibu asilimia 8 ya wanaume wa eneo kubwa la Asia, na ukipiga hesabu ya dunia unapata karibu asilimia 0.5. Hiyo sehemu ni vipimo, haina shida. Shida ni jina. Hakuna aliyewahi kupima mfupa wa Genghis, maana kaburi halijapatikana. Waandishi walikisia ni yeye kwa kuangalia umri wa tawi, mahali lilipo, na jamii moja ya Pakistan inayojitaja kuwa uzao wake. Mwaka 2018 watafiti wa China wakachambua tawi hilo kwa undani zaidi wakasema linaelekea kuwa la Wamongolia wa kawaida, tena lilianza kutawanyika kabla yake.

Halafu angalia jambo lenyewe. Hata kukisia huko kulihitaji vitabu: habari za wana na wajukuu wake waligawiwa nchi zipi zimetoka kwa Juvayni na Rashid al-Din. Maabara haikuwaruka makarani.

Na kitabu cha nyumbani kina neno kwenye hoja hiyo ya damu. Mke wake Börte alitekwa na Wamerkit, kabila la maadui zake. Alipokombolewa akajifungua Jochi, mtoto wa kwanza. Kifungu cha 254, mbele ya baba yao, Chagatai anamtukana kaka yake Jochi kuwa ni mtoto wa Wamerkit, wanakunjana mashati. Wenyewe walikuwa hawana uhakika wa damu yao!

#15 Daktari wa Mtandao

Sawa, nimeelewa. Ila 1 kati ya 200 inanoga zaidi kijiweni.

#16 Wa Nakuru

Sasa mimi ni mtu wa sayansi ya kilimo, hapa Kenya, na hii nyuzi imenivutia kwa sababu ya maziwa. Kuna mbinu ya kukwangua ukoga uliogandamana kwenye meno ya mifupa ya kale, unatafuta protini za maziwa ndani yake. Kule Mongolia wamepata ushahidi kwamba watu walikunywa maziwa miaka karibu 5,000 iliyopita, na maziwa ya farasi miaka kama 3,000 iliyopita. Mbinu hiyohiyo imetumika kwa mifupa ya Sudan na Kenya, matokeo yakatoka mwaka 2021.

Cha kushangaza, wafugaji wetu wengi huku wana badiliko la vinasaba linalowawezesha kumeng'enya maziwa ukubwani, ila Wamongolia wengi hawana kabisa! Na wamekunywa maziwa karne na karne. Wanayachachua kwanza, ya farasi yanakuwa airag, kilevi chepesi, na ile sukari inapungua. Jamaa hawakungoja mwili ubadilike.

#17 Bi Mkubwa Sana

Mursik wa farasi. Nimemaliza.

#18 Kalamu Kavu

Wa Nakuru asante sana. Upande wa sayansi niongeze moja. Milima ya Khangai kuna uwanja wa lava ya volkano ya zamani uitwao Khorgo. Juu ya mawe hayo misonobari inakua kwa dhiki, na mti ukifa hauozi haraka, unabaki umelala hapo karne nyingi. Neil Pederson na Amy Hessl walikata vipande vya miti hiyo na kusoma pete zake, nyembamba mwaka wa ukame, nene mwaka wa mvua. Walichotangaza mwaka 2014: kati ya 1211 na 1225 kulikuwa na miaka 15 mfululizo ya unyevu mzuri, mfuatano usio na mfano ndani ya zaidi ya miaka 1,000 ya pete hizo. Majani mengi ni farasi wengi, na kila askari wa Kimongolia alikwenda vitani na farasi kadhaa. Kusema mvua ndiyo iliyotengeneza dola ningekataa. Temujin alishaunganisha nyika mwaka 1206, kabla ya mvua hizo. Ila vita vya mbali vilihitaji malisho, hilo nalikubali.

Sasa niingie kwenye sehemu ambayo haipendezi.

Utafiti huu umewala watu wake. Tsyben Zhamtsarano alikuwa Mburyati, jamii ya Kimongolia iliyo upande wa Urusi. Tangu ujana alizunguka vijijini akiandika tenzi kutoka vinywani mwa manju, tenzi za maelfu ya mistari. Mwaka 1921 akashiriki kuanzisha ile kamati ya taaluma ya Mongolia na akawa katibu wake. Mwaka 1932 alifukuzwa nchini akapelekwa Leningrad, mwaka 1937 akakamatwa, mwaka 1942 akafia gerezani. Miaka hiyohiyo ndani ya Mongolia, watawa waliuawa kwa maelfu na monasteri zaidi ya 700 zikavunjwa. Na monasteri ndizo zilizokuwa maktaba. Byambyn Rinchen, mwanaisimu aliyekuja kuwa baba wa utafiti nchini humo, naye alipitia jela miaka hiyo.

Mwaka 1962 ikaja miaka 800 ya kuzaliwa Genghis. Mongolia ikachapa stempu, ikasimamisha mnara pale Dadal. Moscow ikakasirika: mnamtukuza aliyetutawala? Stempu zikaondolewa, na Tömör-Ochir, mwanasiasa mkubwa wa chama aliyesimamia sherehe, akavuliwa vyeo. Mnara ulibaki umesimama, yeye akaishia kuuawa nyumbani kwake mwaka 1985.

#19 Mzee wa Kijiweni

Aisee. Kwa stempu?

#20 Kalamu Kavu

Kwa stempu na mnara, ndiyo. Na usidhani yameisha. Mwaka 2020 makumbusho ya Nantes, Ufaransa, yaliahirisha maonyesho ya Genghis kwa sababu upande wa China, uliokuwa uazimishe vitu, ulitaka maneno "Genghis Khan", "dola" na "Mongol" yaondolewe. Wafaransa wakagoma, wakatafuta vitu kwingine, maonyesho yakafunguliwa mwaka 2023 majina yakiwa yamekaa. Mwaka huohuo wa 2020 wazazi wa Mongolia ya Ndani, iliyo chini ya China, waligomea mpango wa kuhamisha masomo kadhaa kutoka Kimongolia kwenda Kichina.

#21 mwana_pwani

Na mji wao mkuu Karakorum je? Umechimbwa?

#22 Kalamu Kavu

Umechimbwa, na una funzo lake. Mtawa Willem wa Rubruck alifika mwaka 1254 akaacha maelezo ya jumba la Khan: mti wa fedha uliotengenezwa na sonara wa Paris, Guillaume Boucher, unaomwaga vinywaji kwa mifereji, malaika juu na tarumbeta. Mwaka 1948 na 1949 Mrusi Sergei Kiselev alichimba, akakuta ukumbi mkubwa wenye nguzo, akatangaza: hili ndilo jumba la Ögedei. Kwa miaka 50 vitabu vikaimba hivyo. Kuanzia mwaka 2000 Wajerumani na Wamongolia wakarudi palepale. Wakatoa vistupa vidogo vya udongo (vinara vya ibada vya Kibudha), vipande vya sanamu, kila kitu cha ibada. Lilikuwa hekalu la Kibudha. Kiselev alikwenda na Rubruck kichwani, akakiona alichokitafuta.

Ikulu inaelekea iko chini ya monasteri ya Erdene Zuu, iliyojengwa jirani katika karne ya 16 kwa mawe ya magofu hayohayo. Monasteri ina watawa na mahujaji, huwezi kuja na sururu tu.

#23 Wa Nakuru

Mkuu, mtu akitaka kusoma hiyo Historia ya Siri mwenyewe aanzie wapi? Vitabu vya hao maprofesa bei yake ni mbuzi wawili.

#24 Kalamu Kavu

Ile ya de Rachewiltz ina toleo fupi, bila yale maelezo marefu, limewekwa bure mtandaoni tangu 2015 na Western Washington University. Usianze mwanzo, nasaba zitakuchosha. Anza kifungu cha 76 mpaka 87.

#25 Wa Nakuru

Nimerudi. Temujin yuko na kongwa shingoni, anampiga nalo mlinzi, anajificha mtoni uso tu nje ya maji. Halafu yule mzee, Sorqan Shira, na watoto wake wanamficha kwenye gari la sufu. Wapekuzi wanavuta sufu mpaka wanakaribia miguu, mzee anawaambia tu, joto lote hili, nani angekaa ndani ya sufu? Wakaondoka! Huyo mzee angekuwa wakili.

Ila kuna kitu sijaelewa. Anampa farasi jike, mwanakondoo aliyepikwa, upinde na mishale miwili, lakini hampi tandiko wala kiwashio cha moto. Mbona unamwokoa mtu halafu unambania?

#26 Bi Mkubwa Sana

Tandiko lingetambulika ni la nani. Akikamatwa nalo, familia nzima ya mzee imekwisha.

#27 mwana_pwani

Na moto una moshi. Asiwe na kiwashio asije akashawishika kupika njiani, ndiyo maana nyama kapewa imeiva.

#28 Mzee wa Kijiweni

Na mishale miwili? Miwili inatosha nini?

#29 Kalamu Kavu

Ya kujilinda, si ya kuwinda. Akisimama kuwinda watamfikia. Lakini soma na cha 88, uone alivyofuata nyayo za mama yake kwenye majani.